Siku Kumi au Siku Tatu? Gharama Halisi ya Kumfundisha Mfanyakazi Mpya wa Mgahawa na Hoteli

SWALI: "Mimi na mwenzangu tunaendesha mgahawa wenye meza 22, na juu yake tuna vyumba 12 vya wageni. Wafanyakazi wetu ni 30. Mwaka uliopita tuliajiri watu 24, na kati ya hao waliobaki hadi leo ni 9 tu. Kila anayeingia tunampa siku 10 za mafunzo kwa mshahara kamili, akimfuata mfanyakazi mzoefu, kabla hajakabidhiwa meza au vyumba vyake. Mwenzangu anasema tunatia maji kwenye pakacha. Anataka siku 10 ziwe 3, na kila mwajiriwa asaini karatasi kwamba akiondoka kabla ya mwaka kwisha atarudisha gharama ya mafunzo. Mimi nasita, lakini sina hesabu ya kumwonyesha. Je, kumfundisha mfanyakazi mpya kunagharimu kiasi gani hasa, na tupunguze wapi?"

JIBU: Ndugu msomaji, ndani ya swali lako yamo maswali mawili ambayo mwenzako ameyafunga furushi moja. La kwanza linahusu bei ya mafunzo. La pili linahusu sababu ya watu 15 kati ya 24 kuondoka. Mwenzako anataka kulitibu la pili kwa dawa ya la kwanza, na hapo ndipo ninapotofautiana naye, ingawa utaona huko mbele kwamba hoja yake haikosi uzito na kwamba hata hizo siku 10 zako zina walakini.

Tuanze na kosa ambalo wenye migahawa wengi hulifanya, nami nililifanya nilipokuwa msimamizi wa zamu, nalo ni kudhani kwamba gharama ya mafunzo ni mshahara wa siku za mafunzo. Mshahara huo unaonekana kwa sababu una mstari wake katika daftari la malipo, lakini gharama nyingine hazina mstari. Mfanyakazi mzoefu anayefuatwa na mwanagenzi hupunguza mwendo, kwa kuwa hawezi kueleza na kukimbia kwa wakati mmoja. Meneja hutumia saa kadhaa kutangaza nafasi, kuwasikiliza waombaji, kujaza fomu na kutafuta sare inayomtosha mwajiriwa. Kisha, na hili ndilo kubwa kuliko yote, mwanagenzi akishamaliza mafunzo na kukabidhiwa meza zake hufanya kazi kwa wiki kadhaa chini ya kiwango cha mzoefu, huku akilipwa kama aliyekwisha kufika.

Tuzihesabu kwa saa, kwa sababu saa ni kipimo kinachofaa popote, kisha wewe mwenyewe utazidisha kila saa kwa malipo ya mhusika wake, maana saa ya meneja haina bei moja na saa ya mwanagenzi. Nachukua zamu ya saa 8, siku 6 kwa wiki. Makadirio ni yangu, kwa hiyo uyabadilishe kwa namba zako ukishazipata. Siku 10 za mafunzo ni saa 80. Mzoefu anayefuatwa, akipoteza theluthi ya mwendo wake, ni saa 27. Meneja, tangu tangazo la kazi hadi ukaguzi wa mwisho, tumwekee saa 10. Baada ya mafunzo, wiki 6 za saa 48 ni saa 288, na ikiwa kwa wastani mwajiriwa anafanya robo tatu ya kazi ya mzoefu, robo iliyokosekana ni saa 72. Jumla inafika 189. Tutoe saa 20, kwa sababu katika zile siku 10 mwanagenzi hakukaa bure, alifuta meza, alipanga vijiko na alibeba trei. Zinabaki saa 169. Ndiyo kusema zile saa 80 mnazogombania hazifiki nusu ya gharama yenyewe, na hapo bado sijahesabu glasi zilizovunjika, vyakula vilivyorudishwa jikoni wala bili zilizofutwa ili kumtuliza mteja.

Lakini kujua gharama ya kila aliyeajiriwa hakutoshi. Hukuajiri ili upate watu waliofundishwa, uliajiri ili upate watu wa kufanya kazi, kwa hiyo kipimo kinachokufaa ni gharama kwa kila aliyebaki. Waliobaki 9 wamekugharimu saa 169 kila mmoja. Kati ya walioondoka 15 wapo ambao hawakumaliza zile wiki za kujikongoja, basi tuwakadirie wastani wa saa 140 kila mmoja. Jumla yake ni saa 3,621, na ukizigawa kwa 9 unapata kama saa 402 kwa kila mfanyakazi ulionaye leo. Hizo ni zaidi ya wiki 8 za mshahara kamili kabla hujapata faida yoyote kutoka kwake.

Sasa tupime pendekezo la mwenzako kwa mizani hiyohiyo. Kupunguza siku 7 kunaokoa saa 56 za mwanagenzi na kama saa 19 za mzoefu, lakini unapoteza saa 14 za kazi ndogondogo ambazo mwanagenzi angezifanya, kwa hiyo akiba halisi ni saa 61 kwa kila mtu. Si haba. Tatizo ni kwamba aliyefundishwa siku 3 atajikongoja muda mrefu zaidi. Tuseme atatumia wiki 8 badala ya 6, akifanya theluthi mbili ya kazi ya mzoefu badala ya robo tatu. Upungufu wake utakuwa saa 128 badala ya 72, yaani saa 56 za nyongeza kwa anayebaki, na tuseme 40 kwa anayeondoka njiani. Ukirudia hesabu yote, anayebaki anagharimu saa 164 na anayeondoka 119, na wakibaki 9 kama mwanzo gharama ya kila aliyebaki inashuka kutoka 402 hadi 362. Mwenzako atafurahi. Lakini mwondoe mtu mmoja tu, wabaki 8 badala ya 9, na gharama inarudi kwenye 402 ileile uliyoanza nayo. Akiba yote ya kukata siku 7 kwa watu 24 inaliwa na mtu mmoja wa ziada aliyekata tamaa kwa kutupwa ukumbini kabla hajawa tayari. Na upande wa pili, ukiziacha siku 10 kama zilivyo na ukafanikiwa kubakiza watu 14 badala ya 9, gharama inashuka hadi saa 269 bila kukata hata saa moja ya mafunzo.

Hesabu hiyo mwonyeshe mwenzako akiwa ametulia, si mwisho wa zamu ya usiku.

Nimesema siku zako 10 zina walakini, na ni lazima nieleze kwa nini, kwa sababu bila hilo nitakuwa nimekupa ushindi usioustahili. Mtazame mhudumu wa siku ya 12 akipokea oda ya meza ya watu wanne. Anaandika vizuri, anatabasamu, anageuka. Hatua tano mbele anakumbuka hakuuliza nyama iive kiasi gani, anarudi. Kwenye mashine ya oda anatafuta kitufe kilichojificha ukurasa wa tatu, huku nyuma yake wenzake wawili wakisubiri foleni. Jikoni mpishi anapaza sauti kuuliza kama hiyo ni meza ya 12 au ya 21. Anatoka na vinywaji viwili, anapita kando ya meza yenye sahani chafu bila kuziona, anarudi jikoni mikono mitupu. Mzoefu hatembei mikono mitupu kamwe, akienda jikoni ana vyombo vichafu, akirudi ana chakula, na safari moja yake ni sawa na tatu za yule kijana. Siku 10 za kufuata zilimwonyesha mzoefu akibeba sahani tatu kwa mkono mmoja, lakini mkono wake yeye haukuzibeba.

Mwaka 1936 mhandisi wa ndege wa Marekani, Theodore Wright, alichapisha alichokiona kiwandani: kila idadi ya ndege zilizoundwa ilipoongezeka maradufu, kazi iliyohitajika kwa kila ndege ilipungua kwa takriban asilimia 20. Mgahawa si kiwanda cha ndege, lakini jambo linalonivutia hapo ni kwamba kipimo chake hakikuwa siku zilizopita, kilikuwa idadi ya marudio. Mwanagenzi anayemfuata mwenzake siku 10 akiwa ameshika kijitabu anapitisha siku 10 akiwa na marudio machache mno. Kabla ya hapo, mwaka 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alikwisha kuonyesha, kwa kujifanyia majaribio mwenyewe, kwamba sehemu kubwa ya kilichokaririwa hupotea haraka katika saa na siku za mwanzo, na kwamba marudio yaliyotawanywa hushika zaidi kuliko yaliyorundikwa. Menyu nzima, namba za meza, vifupisho vya jikoni na taratibu za malipo vikimwagwa kichwani ndani ya wiki moja na nusu, vingi vitakuwa vimevuja kabla hajavitumia.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kuzibakiza saa zako 80 na kuzipanga upya. Siku 4 za mwanzo zitoshe kwa usalama, ramani ya ukumbi na mazoezi ya mikono. Baada ya hapo apewe meza mbili tu katika zamu tulivu, mzoefu akiwa karibu, kisha meza tatu, kisha nne. Saa zilizobaki zitawanye katika wiki 6 kama nusu saa kabla ya zamu: leo vinywaji, kesho sehemu moja ya menyu, keshokutwa namna ya kumpokea mteja mwenye malalamiko. Mwanagenzi wa vyumba naye apangwe vivyo hivyo, akianza na vyumba vichache kwa zamu na idadi ikipanda kila wiki, badala ya kupewa mzigo wa mzoefu siku ya 11 na kuacha vyumba ambavyo mtu mwingine atalazimika kuvimalizia kwa malipo ya saa za ziada.

Namna ya kufundisha yenyewe haihitaji ubunifu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani ilikuwa na mpango wa kuwafundisha haraka wafanyakazi wapya wa viwandani, na ndani yake wasimamizi walielekezwa hatua nne: kumwandaa mwanafunzi, kumwonyesha kazi, kumwacha aifanye mwenyewe, na kumfuatilia baadaye. Wengi wetu tunafanya ya pili tu na kuiita mafunzo. Niliwahi kumsimamia mhudumu hodari sana ambaye, kila mwanagenzi alipochelewa kidogo kupanga trei, aliinyakua na kwenda nayo mwenyewe. Wateja walifurahi na mwanagenzi hakujifunza kitu. Sikumlaumu, kwa sababu mimi ndiye niliyempa mwanagenzi bila kumpunguzia meza hata moja, na kila dakika aliyoitumia kueleza ilikuwa bakshishi yake inayopotea. Mwenye kufundisha apunguziwe mzigo na aongezwe malipo kwa kipindi hicho, na bakshishi yake ifidiwe. Usipofanya hivyo unamtoza yeye gharama ya mafunzo yako, naye atalipiza kwa kumwambia mwanagenzi wako wiki ya kwanza kwamba hapa hapafai.

Kuna mambo ambayo sikushauri uyapunguze kwa sababu yoyote ya kifedha. Chakula kinachoharibika kisikae kati ya nyuzi joto 5 na 60 za Selsiasi, kwa kuwa humo vijidudu huzaliana upesi, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka chakula kiive hadi kiini kifike angalau nyuzi 70. Mhudumu asiyejua kilichomo ndani ya mchuzi asibahatishe anapoulizwa na mteja mwenye mzio, aende kuuliza jikoni hata kama ukumbi umefurika. Mafuta yanayowaka hayamwagiwi maji. Anayesafisha vyumba ajue tangu siku ya kwanza kwamba dawa yenye klorini haichanganywi na dawa ya choo yenye asidi, wala na yenye amonia, kwa sababu mvuke unaotoka huumiza mapafu, na bafu dogo halina hewa ya kumwokoa. Kosa moja hapa linaweza kuzidi gharama ya mafunzo ya miaka.

Turudi kwa wale 15, kwa sababu hao ndio waliozidisha bei. Toa faili zao uandike karibu na kila jina siku ngapi alikaa. Anayeondoka ndani ya wiki mbili mara nyingi alikutana na kazi tofauti na aliyoelezwa: hakuambiwa kuhusu zamu za usiku, kusimama saa nane, au kufanya kazi siku ambazo wenzake mtaani wanapumzika. Hilo halitibiwi na mafunzo. Linatibiwa kwa kusema ukweli kwenye usaili na kumkaribisha mwombaji akae ukumbini saa mbili za jioni yenye msongamano kabla hajakubali kazi, na kwa kumlipa saa hizo iwapo umemshikisha trei. Anayeondoka kati ya wiki ya 3 na ya 6 huwa amezidiwa, amepewa meza nyingi mapema, au amekemewa mbele ya wateja, na huyu ndiye ambaye mafunzo bora yangemwokoa. Anayeondoka mwezi wa tatu na kuendelea anakwambia jambo kuhusu mshahara, ratiba inayobadilika bila taarifa, au mgawanyo wa bakshishi.

Katika hili la mwisho kuna mfano maarufu. Mwaka 1913 kiwanda cha magari cha Ford huko Marekani kilikuwa na mzunguko wa wafanyakazi wa takriban asilimia 370 kwa mwaka, yaani kila nafasi ilibadilisha mtu zaidi ya mara tatu. Januari 1914 kampuni ikatangaza malipo ya dola 5 kwa siku kwa waliotimiza masharti yake na kupunguza siku ya kazi kutoka saa 9 hadi 8, na kufikia mwaka 1915 mzunguko ulikuwa umeshuka hadi karibu asilimia 16. Sikuambii upandishe mishahara mara mbili, kwa kuwa faida ya mgahawa huwa nyembamba na Ford alikuwa na mkanda wa kuunganishia magari uliomlipia gharama hiyo. Ninachotaka ukione ni kwamba kilichotangazwa pale kilikuwa malipo na saa za kazi, si idadi ya siku za mafunzo.

Sasa ile karatasi ya kurudisha gharama. Namwelewa mwenzako, na hata wanauchumi wamelishughulikia suala hilo. Gary Becker, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1992, alitofautisha ujuzi wa jumla, ambao mfanyakazi anaweza kuondoka nao na kuuuza kwingine, na ujuzi wa mahali pamoja, usiomfaa mtu nje ya hapo. Kubeba trei na kuzungumza na mteja ni ujuzi wa jumla. Namba zako za meza na mashine yako ya oda ni ujuzi wa kwako, na huna haki ya kumtoza mtu kwa kumfundisha mambo yanayokufaa wewe peke yako. Kozi ya nje yenye cheti, uliyoilipia na mfanyakazi akakubali kwa hiari, inaweza kujadiliwa kwa makubaliano ya kurudisha kiasi kinachopungua mwezi hadi mwezi. Siku za kuzoea kazi haziko katika kundi hilo.

Sheria nayo ina neno. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu kulinda mishahara, namba 95 wa mwaka 1949, unaruhusu makato ya mshahara kwa masharti na kiwango kilichowekwa na sheria ya nchi, makubaliano ya pamoja kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, au uamuzi wa usuluhishi tu, na unakataza makato ambayo mfanyakazi anamlipa mwajiri ili apate kazi au aendelee kuwa nayo. Nchi hutofautiana katika kuyatekeleza haya, kwa hiyo msiichapishe karatasi hiyo kabla ya kukaa ana kwa ana na wakili wa masuala ya kazi au ofisa wa kazi wa eneo lenu, mkiwa na rasimu mkononi. Lakini hata kama sheria ingeruhusu, fikiria nani ataisaini. Mhudumu mzuri mwenye pa kwenda ataisoma na kuondoka. Atakayesaini ni yule asiye na chaguo, na siku akitaka kuondoka akashindwa, wateja wako ndio watakaohudumiwa na uso huo.

Kuna hali nyingine mbili ambazo jibu la maandishi kama hili halitoshi. Ikiwa unapobadilisha ratiba na mafunzo kwa miezi sita idadi ya wanaoondoka haishuki, mlipe mtu wa nje azungumze na walioondoka, kwa sababu kwako wewe watasema wamepata kazi karibu na nyumbani. Na ikiwa katika mazungumzo hayo litatajwa neno la kunyanyaswa au kuguswa, acha kabisa habari ya mafunzo, fuata utaratibu wa uchunguzi na umlinde aliyesema.

Kwa wiki hii nakushauri ufanye kazi moja tu ya karatasi. Mbele ya majina yale 15 andika pia jina la mfanyakazi mzoefu aliyewafundisha na zamu waliyopangiwa. Ukikuta majina mengi yameangukia kwa mtu mmoja au zamu moja, kaa na mhusika umsikilize kabla hujatangaza nafasi ya 25.